Nguruwe wa Maulida

Bagamoyo

Mwanangu Nadhira,

Asalaam aleikum. Sisi wazima, na mihogo uliyoiacha michanga sasa tunaichimba.

Boksi la wanyama wa kuchezea ulilotuma kutoka Maskati limefika, Mungu akuzidishie. Mwanao Maulida hashikiki. Anawapanga mkekani, wenye pembe huku, wenye mabawa kule, na kila mmoja anamtolea sauti yake. Kuhesabu kumemwingia kwa vifaranga, mimi kumfundisha kwa vidole kulikuwa kumenishinda. Juzi vifaranga hao walimwamkia bata shikamoo, na bata akaitikia marahaba kwa sauti yangu mimi. Nilicheka mpaka machozi.

Ila mwanangu, mlikuwa na nguruwe mle. Usiku mtoto amelala, nilimtoa kimyakimya nikamficha nyuma ya vyombo kabatini. Nilisema, nyumba hii inasomwa Kurani, nguruwe wa nini, hata akiwa wa plastiki?

Maulida alipowahesabu akaona mmoja hayupo. Hakulia. Aliniuliza taratibu, "Bibi, na nguruwe naye kaenda kazini Maskati?"

Niliinuka pale pale. Nikafungua kabati, nikampangusa vumbi yule nguruwe, nikampa mkononi. Akamtazama sana, kisha akamwambia, "Umekawia."

Sasa analala naye. Mwalimu wa madrasa akiuliza, nitajua la kumwambia.

Ahsante kwa wanyama wote, mwanangu, na kwa huyo zaidi.

Mama yako,
Biubwa