Mgeni wa Mwisho wa Gesti ya Stesheni

Jumatatu, 3 Machi
Nimefua mashuka kumi na manne. Wageni waliolala ni wanne tu. Mengine nimefua kwa mazoea. Mvua ilikuwa inanyesha, nikayaanika ukumbini.

Saa nne amekuja Haruni na fundi mkuu. Haruni ni mtoto wa marehemu bosi wetu, gesti sasa ni yake. Wamepima kuta zote, hata stoo. Amenieleza nikiwa nimesimama na beseni mkononi. Gesti ya Stesheni inafungwa. Zitatoka apatimenti sita, kila moja na jiko lake na choo cha ndani. Mimi nitabaki kuwa msimamizi. Nimeshukuru.

Kisha akasema, "Yule mzee wa chumba namba kumi na moja awe ameondoka kabla ya mwisho wa mwezi. Anakusikiliza wewe, Mama Limi."

Sijamwambia. Nimempelekea chai kama kawaida.

Jumatano, 5 Machi
Nimemwambia. Mzee Nkwabi alikuwa anakata kucha dirishani. Akamaliza mkono mmoja, akaanza wa pili.

Miaka kumi na minne yumo chumba kile. Alikuja kutoka Geita, alikokuwa amesaga mawe ya dhahabu kwenye mashine ya karasha miaka mingi. Akaandika daftarini kwamba atalala siku mbili, kisha aende kwao Samuye. Samuye ni hapo tu, nje ya Shinyanga mjini. Hakwenda. Alikuwa amemwacha mke na binti mdogo, akaona aibu kurudi mikono mitupu. Akaanza kutengeneza redio za watu kibarazani kwetu. Halafu tukasikia mke amefariki. Basi, ikawa ndiyo haendi tena.

Miaka miwili ya mwanzo nilikuwa namwamkia shikamoo. Akanikataza, eti namzeesha.

Jumamosi, 8 Machi
Hakuna mgeni hata mmoja leo. Kibao cha nje wamekishusha. Gesti hii ilijengwa wakati wa pamba, wanunuzi walikuwa wanalala mpaka kwenye korido. Mimi nimeikuta wageni wamebaki nusu.

Niandike na hili, maana hakuna wa kulisoma. Mwaka juzi Mzee Nkwabi aliniambia tukae pamoja. Alisema hivyohivyo, tunachambua mchele: "Mama Limi, kwa nini tusikae pamoja?" Nikacheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Niliogopa maneno ya watu wa sokoni. Niliogopa Limi, mwanangu, atasemaje, mama mjane mwenye wajukuu. Yeye akatabasamu, akaendelea kutoa mawe. Hajarudia tena.

Jumanne, 11 Machi
Nimekwenda Samuye bila kumwambia. Nimeuliza nyumba mbili, ya tatu ndiyo yenyewe. Holo, binti yake, ni mtu mzima, ana watoto watatu. Paji la uso ni la baba yake kabisa. Alikuwa anapalilia karanga. Nikamsalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akaitikia vizuri, akanipa kigoda. Nilipotaja jina la baba yake akabaki amesimama.

"Mama alimngojea mpaka anakufa," akasema. "Kila gari likisimama barabarani, anatoka nje. Leo mmemchoka huko mjini ndipo mnanikumbuka?"

Nikamwambia baba yake anaumwa kifua, na hana pa kwenda.

"Wewe ni nani yake?"

Nikasema nafanya kazi gesti.

Akanisindikiza hadi barabarani. Nimeandika namba yangu ya simu kwenye kipande cha boksi nikamwachia.

Mzee Nkwabi ameniuliza nilikuwa wapi. Nimesema kwa Limi. Nimemdanganya mtu ambaye hajawahi kunidanganya.

Ijumaa, 14 Machi
Mafundi wameanza kubomoa, upande wa mapokezi. Haruni alisema wangesubiri mpaka mwisho wa mwezi. Hawakusubiri.

Vumbi kila mahali. Nimeloweka shuka nikaziba nalo mlango wa namba kumi na moja. Vumbi bado linaingia. Mzee amekohoa tangu asubuhi, na anapokohoa anashika kitanda kwa mikono miwili. Nimemwomba fundi mkuu waanzie upande mwingine. Amesema ratiba si yake.

Jumatatu, 17 Machi
Nina vyumba viwili kwangu Ibadakuli. Kimoja kina magunia na baiskeli mbovu. Kingeweza kusafishwa kwa asubuhi moja.

Nimekwenda mlangoni kwa Mzee Nkwabi mara mbili leo kumwambia. Mara ya kwanza nilimkuta amelala. Mara ya pili alikuwa macho, nikamuuliza kama anataka uji.

Mimi ni mwoga. Hakuna neno jingine.

Jumatano, 19 Machi
Asubuhi nimemkuta chini. Midomo imekuwa ya kijivu. Mafundi wawili wamenisaidia kumbeba hadi kwenye bajaji. Hospitali wamemwekea oksijeni. Daktari amesema mapafu yamejaa vumbi la zamani na hili jipya.

Nimemtuma dereva wa bajaji Samuye, akampelekee Holo habari. Kisha nimemwambia Mzee Nkwabi kila kitu. Kwamba nilikwenda. Kwamba Holo ana watoto watatu. Akafumba macho. Machozi yakateremka kuelekea masikioni, nikayafuta kwa kanga.

"Nikitoka hapa twende kwangu," nikasema.

Akasema, "Umechelewa kidogo, Mama Limi." Kwa upole. Ningependa angenifokea.

Alhamisi, 20 Machi
Holo amekuja. Amesimama miguuni pa kitanda muda mrefu, mkoba begani. Baba yake alijaribu kuinuka, akashindwa.

"Shikamoo, baba."

Holo akasogea, akaanza kumkunjulia blanketi.

Nimetoka nje.

Jumatatu, 24 Machi
Ameruhusiwa. Holo amemchukua kwenda Samuye. Gari limepita gesti kuchukua nguo zake, mfuko mmoja. Nilitaka kwenda nao. Haruni alikuwa ananisubiri nipokee marumaru zilizoletwa kwa lori, nikabaki. Mzee Nkwabi alinipungia mkono kupitia kioo. Nami nikapunga, karatasi ya mzigo mkononi.

Saa nane mafundi wamebomoa ukuta wa namba kumi na moja.

Jumapili, 6 Aprili
Amefariki jana alfajiri. Holo mwenyewe ndiye kapiga simu.

Jumatatu, 7 Aprili
Tumemzika Samuye, karibu na mkewe. Watu wengi, sikutegemea. Hakuna aliyenijua. Nimekaa jikoni na majirani nikimenya viazi, kama mtu yeyote aliyekuja msibani. Wamesoma historia ya marehemu. Miaka kumi na minne ya Shinyanga mjini imepita kwa sentensi moja: "aliishi gesti".

Holo amenifuata kwenye masufuria. Macho yamemvimba.

"Alikuwa anakuulizia," akasema. "Homa ikipanda, anauliza kama Mama Limi amekula. Nikawa namjibu umekula."

Nikashindwa kumenya. Mwanamke wa pembeni akanipokea kisu bila kuuliza.

Ijumaa, 12 Septemba
Sijaandika muda mrefu. Hapakuwa na la kuandika. Nyumba imekwisha. Kuta nyeupe, taa kila kona, maji ya moto. Ni pazuri, siwezi kusema uongo.

Leo amehamia nesi, binti wa Kigoma, kwenye apatimenti ya tatu. Jiko lake liko pale palipokuwa na namba kumi na moja. Nimemsaidia kupanga vyombo. Mstaarabu, anaongea polepole. Akaniuliza kama kuna mtu aliwahi kuishi hapa kabla ya matengenezo.

Nikasema, "Mume wangu."

Limetoka lenyewe. Sikulirudisha.

Akaweka sahani chini. "Yuko wapi sasa?"

"Amefariki. Mwezi wa nne."

"Pole sana, mama."

Nikamwambia nimeshapoa. Tukaendelea kupanga vikombe.