Karatasi ya Ishirini

2 Februari

Mwanangu,

Hujambo huko chuoni? Sisi tuna uzima, ila mgongo wangu umeanza kunigomea kila nikiinamia cherehani. Mama yako anakusalimu na anauliza kama unakula vizuri.

Wateja wananisumbua hapa dukani. Wakisikia unasoma saikolojia wananiheshimu. Wakisikia ni shahada ya sanaa wanaangua kicheko, eti mnafundishwa kuchora vichwa vya watu? Nimewaambia wataacha kucheka siku wakikuhitaji.

Kubwa lililonifanya nikuandikie ni kaka yako. Tangu kiwanda cha uchapaji kifungwe, hatoki chumbani. Chakula anaonja tu, ndevu zimemjaa, na ukimsemesha jibu lake ni "sawa". Mama yako anataka tumpeleke hospitali. Nimemkatalia, kwa nini tuhangaike na wageni wakati daktari tunaye wetu? Tuelekeze.

Baba yako


14 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na pole kwa mgongo. Eti daktari! Umenichekesha, lakini sitakuficha, jina hilo limenipendeza. Kuhusu kaka, tumesoma juu ya watu waliopoteza kazi. Anahitaji muda tu. Msimbane wala msimsemeshe sana, atatoka mwenyewe.

Nina ombi. Kwa zoezi letu la utafiti nahitaji watu ishirini wajaze madodoso haya: kama wanalala, kama wana hamu ya lolote, kama wanajiona mzigo kwa wenzao. Majibu ni manne tu, kuanzia "kamwe" hadi "kila siku", na chini kuna nafasi ya maoni. Wagawie wateja wako. Wasiandike majina, na wewe usichungulie!

Binti yako


5 Machi

Mwanangu,

Habari za masomo? Huku shwari, hata mgongo umenihurumia wiki hii. Madodoso yako haya hapa, yote ishirini. Muuza nyama alitaka kueleza habari za mama mkwe wake, nikamwambia nafasi haitamtosha.

Na kuna habari njema. Ushauri wako umefanya kazi! Kaka yako amenyoa ndevu. Anakaa nasi sebuleni, na kila jioni nikirudi ananiuliza kama barua yako imefika. Mama yako hazungumzii tena hospitali. Nimetembea kifua mbele tangu siku hiyo.

Baba yako


28 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo nyingine, na mama pia. Nimefurahi mno kusikia habari za kaka. Nimewasimulia hadi wenzangu darasani.

Tumepata alama za juu kuliko makundi yote! Kanuni hairuhusu mtu kushika karatasi za watu wa kwao, kwa hiyo nilibadilishana na mwenzangu, yeye akahesabu zako. Mwambie muuza nyama siri yake iko salama. Ila zimebaki kumi na tisa. Mmoja wa wateja wako alijibu "kila siku" kwa maswali yote, akajaza na maoni mpaka nyuma ya karatasi. Tumefundishwa kwamba mtu wa namna hiyo anajaza ovyo ilimradi amalize, na alikuwa anatuharibia wastani. Mwenzangu aliniuliza tumfanyeje. Nikamwambia amtoe tu. Tulicheka sana.

Binti yako


24 Aprili

Mwanangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima. Sisi hatuko vizuri. Kaka yako ameondoka nyumbani, leo siku ya tisa. Nimekwenda polisi, nimekwenda hospitali zote, nimekwenda na kule ninakoogopa kukutaja.

Unajua barua zako huwa nawasomea wote kwa sauti. Nilipofika kwenye yule wa "kila siku" tukacheka, na mama yako akacheka. Kaka yako naye alicheka. Akaniomba nirudie hapo, nikarudia. Akasema, "Sawa."

Kesho yake asubuhi alivaa shati nililomshonea, akasema anakwenda kutembea kidogo. Mama yako alisimama mlangoni akimtazama mpaka alipokata kona. Tulifurahi, mwanangu. Tulifurahi kwamba hatimaye ametoka.

Karatasi ya ishirini ilikuwa yake. Aliiomba mwenyewe, akakaa nayo tangu asubuhi hadi alasiri. Aliponirudishia aliniuliza, "Ataisoma mwenyewe?" Nikamwambia ataisoma. Akaniapisha nisikuambie, alisema utamjua. Polisi wanauliza kama aliacha maandishi yoyote. Nitafutie hiyo karatasi upesi.

Baba yako


29 Aprili

Baba,

Sijui niwasalimu vipi. Karatasi haipo. Zile zinazotolewa huchanwachanwa na mashine siku hiyohiyo, ndiyo taratibu. Nimemshika mwenzangu mabega nikimwomba akumbuke hata neno moja. Anachokumbuka ni kwamba mwandiko ulikuwa mzuri.

Mimi sikuisoma, Baba. Sikuigusa kabisa. Wala mimi si daktari. Hata nikihitimu, shahada hii peke yake hainiruhusu kumtibu mtu. Nilijua hivyo uliponiandikia mara ya kwanza, na mama ndiye aliyekuwa sahihi. Nilinyamaza kwa sababu nilipenda mnavyonisifu.

Nataka kuja, lakini naogopa kuwatazama usoni. Niandikie neno moja tu, nije au nisije.

Binti yako


6 Mei

Mwanangu,

Njoo. Wamempata juzi, na tumemzika jana. Hatukuweza kukusubiri.

Barua yako sikumsomea mtu. Mama yako hali wala halali, ananiuliza jambo moja tu, kama uliisoma ile karatasi. Nimemwambia uliisoma yote, mbele na nyuma. Leo ameoga, amekaa sebuleni, anakungoja umwambie mwanawe aliandika nini. Fikiria utakachomwambia kabla hujafika.

Baba yako