Ndimu, Majivu na Sarafu za Dada Mwanasha

Mpendwa Dada Mwanasha,

"Mtu akipenda kitu hukigharamia. Akiacha kukigharamia, ujue ameacha kukipenda."

Maneno haya si yangu, Mungu apishe mbali. Ni ya binamu yetu Rashidi. Ameyatoa juzi kwenye kikundi cha simu cha familia, kwa sauti, dakika nne nzima. Anasema alikuwa nawe Jidda na aliona kwa macho yake: mwanzo ulikuwa hutoki sokoni bila sarafu mkononi, baadaye ukapunguza, na miaka yako ya mwisho ukawa unarudi mikono mitupu. Kwa hiyo kopo lako la sarafu, lililorudishwa Kwale pamoja na nguo zako, ni vyuma ambavyo hata mwenyewe ulikuwa umevichoka. Liuzwe, nyumba uliyoacha bila paa iezekwe. Mnunuzi anatoka Mombasa Jumapili. Na ili bei ipande, Jumamosi Shangazi Mwanahamisi na wanawake wa nyumbani watakaa uani na ndimu na majivu, wazisugue sarafu zote mpaka zing'ae.

Nilikuwa ndani ya lori, kwenye foleni ya maghala ya Sulay hapa Riyadh. Niliposikia neno ndimu nilipiga usukani kwa kiganja, honi ikalia, mlinzi akanijia juu: "Wewe, una wazimu?" Nikamwambia ndiyo.

Ninakuandikia wewe kwa sababu wao nikiwajibu watasema Hamisi ameanza tena. Wewe ndiye uliyekuwa ukisema kwamba mimi nilizaliwa mdomo ukatangulia, mwili ukafuata kesho yake. Basi acha mdomo ufanye kazi yake. Ninaandika waziwazi, na kila aliye kwenye kikundi asome.

Rashidi hakosei alichokiona. Anakosea alichokielewa, na hilo ni kosa baya zaidi, maana aliyeona hubishana kwa kiburi.

Ilivyoanza, unakumbuka, haikuwa kwa fedha kabisa. Mwaka wako wa kwanza kwa Madam, tajiri wako wa Jidda, kazi yako kubwa ilikuwa kumwangalia mama mkwe wake, yule ajuza mliyemwita Sitti, na kusugua madele yake, yale mabirika ya shaba ya kahawa. Zamani familia yake ilikuwa ikipangisha vyumba kwa mahujaji. Siku moja alikumwagia mapajani kopo la sarafu zilizosahauliwa vyumbani na wageni wa miaka mingi. Kati ya fedha za Bara Hindi na za Java ukaona senti kumi ya shaba yenye tundu, ile ile aliyokuwa akitutundikia bibi shingoni tulipougua surua. Ulipiga ukelele, "Hii ya kwetu!" mpaka Sitti akadhani umeng'atwa. Kisha akacheka akasema chukua zote, wajukuu zangu wanazichezea tu.

Mtu wa pwani yetu alilala kwenye chumba kile, akaiacha senti yake, akarudi nyumbani. Na wewe ukaikuta. Nani asingeshikwa?

Ndipo zikaja Ijumaa za kununua. Mara mbili kwa mwezi Madam alikuruhusu kutoka, na mimi nikipata mzigo wa bandarini Jidda tulikutana kwenye soko la mitumba, mbele ya trei ya Ammi Yahya, yule mzee Myemeni mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Ulinunua kama mtu anayechota maji ya bure. Zenye samaki, zenye simba, zenye wafalme uliowaita wote "huyu baba". Halafu tulikwenda chumbani kwa Rashidi, mtaa wa Bani Malik, ukazimwaga juu ya gazeti tulilokuwa tukilia pilau.

"Dada, hizi utazila?" Rashidi alikuuliza.

"Nikizila mimi, wewe utazikuta wapi za kurithi?"

"Mimi nirithi mawe ya mahujaji? Mafi, hakuna, sitaki."

"Andika, Hamisi. Rashidi amesema mafi, mbele ya mashahidi na kuku."

Sikuandika, lakini nimekumbuka, na leo nautoa ushahidi huo mbele ya watu. Siku zile nami nilikuwa upande wake. Nilikupigia hotuba kwamba mfanyakazi anayenunua sarafu kwa mshahara wake anamsaidia tajiri kumnyonya. Ulinisikiliza hadi mwisho, ukaniongeza nyama, ukasema, "Maliza kula, kisha uniokoe."

Sasa ninaelewa kilichokuwa kikitokea. Mgeni wa jambo lolote hununua kila kitu kwa sababu hajajua cha kuacha. Yale hayakuwa mapenzi makubwa, ilikuwa ada ya shule. Rashidi anaitaja miaka ile kuwa ndiyo ya mapenzi. Ilikuwa miaka ya ujinga, dada, nawe mwenyewe uliiita hivyo.

Ada kubwa kuliko zote uliilipa kwa ile riale ya fedha, ile yenye sura ya mwanamke wa shingo nene, ambayo wazee wetu walihesabia mahari. Ulimlipa Ammi Yahya kidogo kidogo, karibu mshahara mzima wa mwezi. Ilikuwa nyeusinyeusi, rangi ya wingu la masika. Ukaipeleka nyumbani kwa Madam, na usiku ule mikono yako ikafanya kile ilichofundishwa kufanya kila siku kwa madele ya Sitti. Ndimu, majivu, kitambaa. Ijumaa iliyofuata ulimletea mzee kwa fahari, inang'aa kama kioo cha kinyozi.

Sitasahau uso wake. Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Hakukasirika. Alisema kwa upole, nawe ukanitafsiria: "Binti yangu, ule weusi ulikuwa ngozi yake. Miaka yote aliyoishi iliandikwa pale. Umemchuna." Kisha akaongeza neno moja ambalo halikuhitaji tafsiri. Halas: imekwisha.

Hakuna mwingine angefanya kosa lile kwa ustadi kiasi kile. Mtoto wa tajiri angeiacha ilivyo kwa uvivu wake. Ilihitaji mikono ya mwanamke aliyelipwa kung'arisha vyombo vya wengine ili kuiharibu sarafu yake mwenyewe namna ile. Na mimi, badala ya kukushika mkono, nilicheka. Nilicheka pale pale sokoni, mbele ya mzee. Nimeomba radhi kwa mambo mengi maishani, mengi yakiwa ambayo sikukosea, lakini hili sikuwahi. Nisamehe, dada.

Kwa muda mrefu baada ya hapo hukununua kitu. Hapo ndipo Rashidi alipofunga hesabu yake: tamaa imekwisha. Lakini kwa nini hasemi kwamba uliendelea kulipa teksi ya kushirikiana kila Ijumaa yako kwenda kutazama trei ile? Ulikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, Ammi Yahya akikupa moja moja mkononi: hii ya kweli, hii ya kuigiza, hii imechomewa. Miaka ile hukutoa fedha, ulitoa macho. Nami nimesoma vitabu vya kutosha ndani ya lori kujua kwamba mwanafunzi anayeanza kunyamaza darasani mara nyingi ndiye aliyeanza kuelewa.

Tena tuseme ukweli ambao kikundi kinaukwepa. Zuhura wako aliingia chuo wakati ule ule. Kila mmoja wetu aliahidi mchango, nami ni mmoja wao, na kila mmoja alikuwa na udhuru. Aliyelipa ni wewe. Mama anapoiacha sarafu sokoni ili mwanawe asifukuzwe darasani, kuna mtu wa kusimama na kusema amepoteza mapenzi? Mapenzi yalikuwa na vinywa viwili, ukalisha chenye njaa zaidi.

Kisha ukarudi, lakini ulikuwa mtu mwingine. Ulianza kuuza. Wafalme wote, samaki wote, ukampa Ammi Yahya auze, na ulizobakiza za ziada ukazitia kwenye soksi ya kijivu. Nilikuuliza umechoka? Ukasema, "Nimejua ninachotaka." Ulitaka senti zenye tundu tu, za kwetu, zilizovuka bahari viunoni mwa mahujaji. Tena si zote. Ulitafuta zenye mwaka wa kila mzee wa ukoo: mwaka wa bibi, wa babu, wa baba, wa Shangazi Mwanahamisi, kila moja ukaitia kwenye bahasha ndogo yenye jina la mwenyewe. Kwa wale ambao hakuna aliyejua walizaliwa lini, ulichukua mwaka uliokisiwa kwenye kitambulisho. Ulisema mwenye ofisi aliyeukisia angalau alijitahidi.

Ulibaki mwaka mmoja tu, wa mama. Ulimtafuta mama katika trei ile miaka mitatu. Hiyo ndiyo miaka mitatu ya mikono mitupu anayoisema Rashidi! Mzee akikuonyesha nyingine ulitikisa kichwa. Fedha ulikuwa nayo, na ndiyo hoja yangu yote: aliyejaa ujuzi hana cha kununua, anangoja.

Na ilipokuja, Rashidi hakuwepo. Nilikuwepo mimi. Ammi Yahya aliifunua kutoka kwenye karatasi ya sigara, nyeusi, imelika pembeni. Alitaja bei. Wewe, uliyekuwa ukibishana juu ya nyanya mpaka muuzaji anaomba dua, ulilipa bila kupunguza hata halala moja. Ukaifumba kiganjani, ukaniambia, "Hamisi, usiseme kitu." Na mimi, kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, sikusema.

Miezi michache baadaye ulikuwa umeondoka duniani.

Sasa nikwambie habari njema, kwa maana sikukuandikia ili nikulilie. Jana Zuhura alinipigia. Nilidhani ataniuliza bei. Aliniuliza, "Mjomba, mama aliwahi kuziosha?" Nikamsimulia riale ya fedha, tangu ndimu hadi halas. Akasema, "Basi usiku huu ninalala na kopo kitandani." Alicheka, na kicheko kilikuwa chako, kile kinachoanzia puani. Amekwisha kujifunza kwa simu ya dakika kumi kile kilichokugharimu mshahara. Hivyo ndivyo nijuavyo kwamba fedha ile haikupotea. Imezaa.

Lala salama, dada. Yaliyobaki si yako, ni ya walio hai, na ninawageukia.

Rashidi, wewe si mwizi. Unataka paa juu ya nyumba ya dada yetu, nami ninalitaka. Likizo yangu ni mwezi ujao, kafili, tajiri aliyenidhamini, ameshatia saini. Mabati ninayaleta mimi, ndio mchango wa chuo niliokwepa, umechelewa lakini unakuja. Ukitaka kuuza, uza za soksi ya kijivu, na uziuze zikiwa chafu hivyo hivyo. Zenye tundu usiziguse. Ni za Zuhura, na wewe urithi uliukataa mbele ya pilau.

Shangazi Mwanahamisi, shikamoo. Kabla hujakata ndimu ya kwanza Jumamosi, mwambie Zuhura akufungulie bahasha ndogo yenye jina lako. Ndani kuna senti ya mwaka wako. Ni nyeusi kwa sababu imeishi miaka mingi kama wewe, na mwanao Mwanasha aliitafuta katika nchi ya watu mpaka akaipata. Iweke kiganjani uitazame. Kisha rudisha ndimu jikoni, majivu yamwage kwenye shimo la taka, na uketi mlangoni kwa Zuhura mpaka mnunuzi wa Mombasa apande gari arudi kwao.

Mdogo wako, aliyetanguliwa na mdomo,
Hamisi