Sauti Iliyo Nyuma ya Kamera

Jumamosi, Tottenham. Manyunyu tangu asubuhi.

Leo nimesema mbele ya watu. Mimi.

Kaka yangu Rajabu anacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, kwenye timu ya vijana ya hapa mtaani. Yeye ndiye kwotabeki. Mpira unaanzia mikononi mwake, na ana kama pumzi mbili za kuamua amtupie nani kabla mijitu ya upande wa pili haijamwangukia. Mimi napiga video. Nilijitolea kwa sababu mshika kamera haulizwi kitu.

Basi leo nimeulizwa.

Mechi mbili za nyumbani zilizopita Rajabu kaharibu. Anatupa mapema, mwenzake hata hajageuka, wapinzani wanaudaka. Leo baada ya mazoezi kocha alituonyesha zile video wachezaji wote wakiwepo, sauti kaizima kwa sababu ya kelele za upepo. Akasema huyu presha inamshinda, mechi ya kesho hapa nyumbani aanze mwingine. Halafu akanigeukia: wewe uliyeona yote, unaonaje?

Rajabu alikuwa anatazama viatu vyake.

Sikuweza kusema ninachokijua. Ninachokijua ni baba.

Baba anaendesha basi. Rajabu alimwomba miaka miwili aje kumwona akicheza, na mwaka huu ndiyo kabadilishana zamu, kaja mechi zote mbili za nyumbani. Anasimama kando yangu na koti lake la kazini. Kacheza soka Morogoro ujana wake wote, na kwake mpira ni mpira: ukizongwa, unatoa pasi. Akiona mtu anamkimbilia mwanawe, anapaza sauti, "Toa! Toa, baba, toa!"

Na Rajabu anatoa.

Ukisikiliza video, neno linatoka na mpira unatoka. Wenzetu hawajui Kiswahili, wanadhani mzee anashangilia tu. Mechi ya ugenini, baba akiwa kazini, Rajabu alisubiri mpaka wapinzani wakamfikia, ndipo akatupa. Tulishinda.

Nyumbani kwetu baba akisema, mwili unatii kabla ya kichwa. Najua, na mimi nina mwili kama huo.

Kwa hiyo nilimwambia kocha ampe kipindi cha kwanza tu. Nikasema akiharibu, basi nimekosea mimi. Sauti ilitoka kama ya paka aliyefungiwa kabatini, na kuna mmoja alicheka. Kocha akakubali.

Njiani Rajabu hakunishukuru. Alisubiri tushuke kwenye basi, ndipo akasema, "Usimwambie. Atadhani tunamwonea haya, hatakuja tena."

Kumbe anajua. Anajua, na bado anatoa.

Jambo la kumgusa baba huwa tunalipitisha kwa mama, naye yuko kazini kwa wazee anaowatunza, harudi mpaka kesho mchana. Nilizunguka jikoni, nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa. Nikienda kumwambia, pengine nampotezea Rajabu baba. Nikinyamaza, kesho anapoteza nafasi yake.

Tulipomaliza kula, Rajabu akaenda kuoga. Nikamwekea baba mbele yake simu yenye zile video, na spika za masikioni.

Alipoisikia sauti yake mara ya kwanza alitabasamu. Mara ya pili tabasamu likabaki upande mmoja. Ya tatu akaniomba nirudishe. Nikarudisha. Akazitoa masikioni polepole.

"Kumbe kwotabeki ni mimi."

Nilingoja anigombeze. Aliniuliza tu kama Rajabu anajua, nikaitikia kwa kichwa. Akakaa anautazama mlango wa bafu, maji yanamwagika kule ndani. Nilidhani ndiyo basi, kesho atarudi kwenye zamu yake.

Akainuka, akaenda jikoni, nikasikia mfuko unachakarika. Karudi na karanga mbichi. Akaniambia, "Asubuhi nikaangie, mama. Nyingi. Mdomo ukijaa hauna la kusema."

Nilicheka mpaka nikaona haya. Halafu kicheko kikaisha.

Maana kesho hakuna "toa". Kila mpira utakaotoka utakuwa uamuzi wa Rajabu mwenyewe, na akitupa mapema tena hakutakuwa na wa kusingizia. Nimeapa kwa kinywa changu kwamba anaweza, na kusema kweli sijui. Nimemwona mechi moja tu bila sauti ya baba.

Karanga nimeshazichambua, ziko kwenye bakuli. Baba atakuwa kushoto kwangu anatafuna, Rajabu atakuwa ameshika mpira, na jitu kubwa la wapinzani litakuwa linamjia.

Mimi ambaye sisemi kamwe, nitaweza kunyamaza?