Tambarare ya Bi Chausiku

Jumatatu, 16 Julai 1951

Vidonda tangu asubuhi. Mguu, mguu, mguu, sikio. Iodini inakaribia kwisha na sanduku la dawa kutoka Dar halijafika. Mtoto kaniuma kidole nilipokuwa namtoa mwiba.

Alasiri kikao cha klabu, dukani kwa Mzee Kondo. Yeye mwenyekiti, mimi katibu. Nimepewa ukatibu kwa sababu mimi ni dresa, mfunga vidonda wa zahanati, na dresa lazima ajue kuandika. Mzee Kondo ana malori mawili na basi. Sasa anataka uwanja wa mpira wenye ua na lango, watu waingie kwa tiketi, timu za Dar zije, na wachezaji walipwe mshahara kama makuli wake. Mpira uwe kazi yao, si mchezo wa kupitisha jioni. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kakubali kwa mdomo: tafuteni mahali tambarare, karibu na mji, barua nitaandika.

Tambarare. Kisarawe! Tunapocheza sasa ni ubavuni mwa kilima. Goli moja liko juu, jingine bondeni. Mpira ukitoka unashika njia ya Pugu na mtu lazima aufuate mbio. Juzi winga wetu alishindwa kujizuia kwenye mteremko, akavaa kisiki cha mkorosho. Meno matatu. Mabaki nimeyang'oa mwenyewe.

Alhamisi, 19 Julai

Tumbi, kwa lori la Mzee Kondo. Mbali, lakini alisikia kuna uwanda. Nilichukua chupa ya dawa, nikatia maji yasijae. Ukiilaza chini na kiputo kikatulia katikati, ardhi iko sawa. Mrisho kaja kupima kwa hatua. Ndiye beki wetu, na timu nzima inasimama juu yake. Kijana mpole, mpana kama mlango.

Kiputo kilitulia. Mzee Kondo kacheka. Hapo hapo wanaume watano wakatoka mihogoni na mapanga. Walikuwa wamesikia fununu kwamba shamba lao atapewa mlowezi, wakadhani sisi ndio wapimaji. Hawakuuliza. Mawe kwanza. Dereva kapigwa juu ya jicho, Mzee Kondo sikioni. Mrisho akamkamata mmoja, akamnyang'anya panga, akalitupa, kisha akampiga kwa ngumi. Akampiga tena. Yule mtu alikuwa ameshalala chini. Nilimvuta Mrisho kwa shati mpaka likachanika.

Nimemshona dereva ndani ya lori, linakwenda, Mzee Kondo ameshika usukani. Mrisho alikaa pembeni akiangalia vifundo vyake vilivyochubuka, kama mtu aliyepewa kitu kisicho chake.

Sikumwogopa yule wa panga kama nilivyomwogopa Mrisho.

Jumamosi, 21 Julai

Kikao. Tumbi basi. Mahali pengine hakuna aliyepajua. Mzee Kondo akasema tukishindwa, Bwana Shauri atatuona watoto.

Ipo tambarare moja chini ya mji. Naipita kila siku nikienda kisimani. Mihogo ya Bi Chausiku, mama yake Mrisho. Mrisho hakuwepo kikaoni.

Nikaitaja. Hakuna aliyeniuliza. Nilitaka nionekane mwenye akili.

Jumanne, 24 Julai

Tumekwenda, mimi na Mzee Kondo. Bi Chausiku alikuwa analima. Shikamoo, marahaba, karibuni wanangu. Katuletea muhogo wa kuchemsha na chumvi kwenye sahani. Hatukumwambia tumefuata nini. Alipokwenda kuchukua maji nikailaza chupa. Sawa kabisa, pembe hadi pembe. Kwenye kona kuna makaburi matatu, ya mumewe na watoto wawili.

"Makaburi huhamishwa," kasema Mzee Kondo kwa sauti ya chini.

Nimekula muhogo wote. Aibu.

Jumatano, 1 Agosti

Barua imetoka. Bi Chausiku atalipwa mimea yake na ataonyeshwa shamba jingine, huko Kurui. Kurui! Ni kumwambia mama mzee aende akaanze dunia upya. Nafikiri Bwana Shauri hajui kwamba kuna makaburi. Barua ya maombi niliiandika mimi, na makaburi sikuyataja. Mzee Kondo alisema si lazima.

Mrisho kaja zahanati. Kasimama mlangoni mpaka wagonjwa wakaisha.

"Dresa, nani aliyewaonyesha shamba la mama?"

"Barua ni ya Bwana Shauri."

Si uongo. Si kweli pia. Kanishukuru, kaondoka.

Jumamosi, 4 Agosti

Mechi na timu ya Dar. Watu wengi. Kabla ya kipindi cha pili Mzee Kondo akapanda juu ya kreti na kutangaza: mwakani tutachezea pale chini, kwenye uwanja wa kweli, na huyu Mrisho atakuwa mchezaji wa kwanza wa mshahara katika wilaya yetu. Watu wakapiga makofi.

Mrisho akatoka uwanjani, akaenda mpaka kwenye kreti, akamshika Mzee Kondo kanzu na kumpiga kichwa. Pua ile haitanyooka tena. Makuli wa Kondo wakamrukia, sisi wengine tukawarukia makuli, na watu wa Dar, waliokuja kwa mpira tu, wakavunja matawi ya mikorosho wakaingia nao. Refa alikimbilia bondeni. Nimeona mtu mzima akimng'ata mwenzake shavu.

Nimeshona mpaka uzi ukaisha. Nikachemsha uzi wa cherehani wa mke wangu Ana, nikaendelea. Ana alinishikia taa ya kandili ingawa jua lilikuwa bado, maana macho yangu hayakuona vizuri. Nilikuwa nalia bila kujua.

Jumanne, 14 Agosti

Leo wameng'oa mihogo.

Bwana Shauri yuko safarini upande wa Rufiji. Mzee Kondo hakumngoja. Kaleta makuli kumi na msimamizi wao, Sajini. Sajini alipigana Burma. Hajaacha kuvaa buti zile. Walichimba kwanza mashimo ya nguzo za ua. Kisha mihogo. Bi Chausiku akaenda kukaa juu ya kaburi la mumewe. Hakupiga kelele. Wawili wakamwinua kama gunia, wakamweka njiani.

Mrisho alikuwa msituni anakata kuni. Kuna aliyemwita. Kaja na jembe la mama yake, akamtia Sajini la bega. Nilisikia mfupa. Nilikuwa nimesimama njiani na sanduku langu la dawa, hatua thelathini labda.

Wakamzunguka. Marungu. Alianguka kwa magoti, wakaendelea. Alianguka kifudifudi, wakaendelea. Sajini, bega moja linaning'inia, alimkanyaga tumbo kwa buti, akaruka juu yake kwa miguu miwili. Mama yake alikuwa anaita jina lake tu. Jina tu.

Sikufungua mdomo. Niandike hivyo hivyo. Sikufungua mdomo.

Walipochoka, nikaenda na sanduku.

Jumatano, 15 Agosti

Tumbo gumu kama ubao. Ngozi ya baridi. Nimeona tumbo kama hilo mara mbili tu, na wote wawili walikufa. Anavuja damu kwa ndani. Hapa sina la kufanya. Alfajiri nilikwenda kwa Mzee Kondo kuomba lori limpeleke hospitali Dar. Kasema lori moja springi imekatika, jingine halina mafuta. Basi je? Basi lina abiria. Nilipotoka, dereva alikuwa analipakia mkaa lile lori lisilo na mafuta.

Nikarudi. Mrisho alikuwa macho. Mama yake alikwenda kutafuta wabebaji wa kitanda, wakambebe kwa miguu. Tulikuwa wawili tu.

"Mrisho, ni mimi niliyelitaja shamba."

"Najua. Mama alikuona na chupa yako. Alisema, huyu amekula kwetu, hawezi kututenda ubaya."

Kafa kabla ya adhuhuri, wabebaji wakiwa wanafunga kamba za kitanda nje.

Alhamisi, 16 Agosti

Asubuhi Mzee Kondo na Sajini, huyu wa pili mkono umefungwa kwa kitambaa nilichomfunga mimi. Wanataka cheti cha kifo kiseme Mrisho alianguka kwenye shimo la nguzo. Sajini akachukua mkasi mezani, akawa anaufungua na kuufunga. Akauliza mke wangu anajifungua mwezi gani.

Nimeandika. Alianguka shimoni. Nikatia sahihi.

Alasiri mazishi. Bi Chausiku alikataa makaburi ya mji. Alikataa hata kona, kwa mumewe. Alisema: mchimbieni katikati. Mzee Kondo akasikia, akawapanga makuli wenye marungu kwenye mashimo ya nguzo.

Jeneza halikusimama. Waliobeba mbele wakapigwa, wengine wakaingia mabegani badala yao, jeneza likaenda. Kina mama wakaokota mawe. Kuli mmoja kapasuliwa uso kwa jembe, taya likaonekana. Mwingine alizibwa kinywa kwa udongo. Sikuona mtu wa upande wetu akikimbia. Makuli ndio waliokimbia, na Sajini mbele yao.

Wakamchimbia katikati kabisa, mahali ambapo mpira wa kuanza ungewekwa. Sheikh kasoma haraka. Mimi nilisimama nyuma, kofia mkononi. Mtu akapaza sauti: "Huyo ndiye aliyeandika cheti!" Sijui walijuaje. Mji mdogo.

Wakanigeukia. Mbavu. Mgongo. Mmoja aliuweka mkono wangu wa kulia juu ya jiwe, mwingine akaukanyaga. Bi Chausiku alinitazama. Hakuwazuia. Nami sikumwomba.

Ya mazishi nasema, Ana anaandika.

Jumamosi, 18 Agosti

Naandika kwa kushoto. Vidole viwili vimevunjika, kimoja sijui. Ana kanifunga gango, nikimwelekeza. Alipomaliza kauliza kama ni kweli, kile cheti. Ya asubuhi ya juzi niliyaandika mwenyewe, ukurasa wa nyuma; niliposema ya mazishi, hilo sikulisema. Ndiyo. Na shamba? Ndiyo.

Kahamishia mkeka wake chumba cha nyuma.

Jumanne, 21 Agosti

Bwana Shauri karudi. Baraza. Kasoma cheti changu kwa sauti, mkalimani akakitafsiri, na watu wote wakanitazama. Akauliza kama nina la kuongeza.

Nikasimama. Nikasema cheti ni cha uongo na aliyekiandika ni mimi. Nikasema tumbo, buti, miguu miwili. Nikasema lori lililopakia mkaa. Sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto. Sajini akaruka meza kwa mkono wake mmoja mzima, akanishika koo. Askari wanne ndio waliomtoa. Bado nameza mate kwa shida. Mzee Kondo hakuinuka. Alitikisa kichwa tu, polepole, kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa.

Nikadhani yameisha. Bi Chausiku akasimama.

"Na shamba langu, nani aliwaonyesha?"

"Mimi, mama."

"Uliona makaburi?"

"Niliyaona."

Akakaa. Bwana Shauri akamuuliza mkalimani bibi amesema nini. Mkalimani akajibu kwa Kiingereza kwamba ni mambo yao ya nyumbani.

Jumatatu, 10 Septemba

Sajini yuko rumande Dar, anangoja jaji. Mzee Kondo hakuguswa. Sheria haina jina la mtu aliyenyima lori.

Ijumaa watu walichoma duka lake. Nimefunga mikono ya waliochoma na mikono ya waliozima. Sikuuliza yupi ni yupi; malengelenge ni yale yale. Mzee Kondo kahamishia malori Kibaha. Nasikia huko nako anatafuta uwanja.

Bwana Shauri kaifuta barua ya shamba. Kasema mpira hauwezi kuchezwa juu ya mtu. Klabu imekufa. Golikipa kaenda mkongeni, winga anauza mkaa.

Nami nimepata uhamisho. Zahanati ndogo ya Kurui. Ana hataki kuja. Amekwenda kwa wazazi wake Maneromango, atajifungulia huko. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Jumamosi, 6 Oktoba

Nimekuja Kisarawe kuchukua dawa. Nilitoka Kurui mapema, kwa miguu, kwa sababu basi ni la Mzee Kondo. Mvua za vuli zimeanza kugusa, udongo unanukia.

Kidole cha tatu hakikunjiki. Kalamu naiweza, sindano bado.

Barua kutoka Maneromango imefika kwa mchungaji. Mtoto wa kike. Wote wazima. Jina halikuandikwa.

Ningeweza kupita njia ya juu. Nilipita ya chini. Mashimo ya nguzo yamefukiwa. Bi Chausiku alikuwa analima peke yake, ameanzia pembezoni, anakuja ndani. Pale katikati amepazungushia mawe na hajapagusa.

Nikasimama njiani, sanduku kichwani.

"Shikamoo, mama."

Jembe likapanda, likashuka. Likapanda tena. Nikafikiri hakusikia.

"Marahaba."

Hakuinua kichwa. Hakusema karibu. Nimengoja kidogo, hata sijui nilingoja nini, halafu nikaendelea na safari.