Nimeandikwa Marehemu, na Mkono Bado Unaniwaka

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako. Mimi ni mkulima wa Kasulo, Ngara, nina watoto wanne, na mwaka juzi, 1994, malori ya chakula cha wakimbizi yakipita mfululizo, nilikuwa natoka kuuza ndizi lori moja likateleza kwenye tope likanibana bega kwenye ukingo wa barabara, mfupa ukaunga lakini mkono wa kulia mpaka leo unawaka kama umemwagiwa uji wa moto, hata kanga ikiugusa naumia, jembe siwezi, kumenya ndizi siwezi, na mama mkwe anasema najidekeza kwa kuwa haoni kidonda, ingawa daktari alisema ni mishipa ya fahamu iliyoumia. Mume wangu Thobias ndiye aliyefuatilia fidia, kila akirudi anasema bado wanachunguza, nami nikamwamini maana kila jioni ndiye anayeniwekea kitambaa cha maji baridi.

Jumanne nilikwenda mwenyewe ofisi ya wenye lori, Lusahunga. Karani akafungua faili, akaniangalia.

"Wewe ni ndugu yake?"

"Ni mimi mwenyewe."

"Mama, huyu alifariki. Familia ililipwa mwaka jana."

Akanigeuzia karatasi. Jina langu, kijiji changu, na chini sahihi ya mume wangu. Nikakaa sakafuni.

Nyumbani nilimuuliza Thobias. Akasema, "Mkono unaouma hawaulipii. Maiti wanailipia." Sasa ananiambia nikisema popote atafungwa na watoto watakosa baba. Je, ninyamaze?

Felisita, Kasulo

*

Marahaba, Felisita. Barua yako niliisoma nikaiweka chini, nikatoka nje kidogo, ndipo nikarudi kuimaliza. Pole sana, mwanangu.

Lakini wewe nawe! Miaka miwili jambo lako limo mikononi mwa mwingine na hujaomba kuona hata karatasi moja? Kumpenda mume si kumkabidhi macho yako. Na mumeo alikudanganya mara mbili: fedha alishapokea akisema bado wanachunguza, kisha akasema mkono unaouma haulipiwi. Mishipa ya fahamu ikiumia, maumivu hayo ni madhara ya ajali kama mfupa uliovunjika, na yanadaiwa. Mama mkwe mwambie hivyo hivyo.

Usinyamaze. Kesho ukidai matibabu au haki yoyote, watakuonyesha kifo chako. Aliyeandika uongo ni Thobias, si wewe, na jela ikimpata hukumpeleka wewe. Mpe siku moja tu aende polisi kukiri mwenyewe. Huenda hakimu akamfikiria. Asipokwenda, nenda wewe.

Rudi hospitali ulikotibiwa, daktari aandike ripoti ya mkono huo na kazi usizoziweza tena. Uliza polisi fomu yako ya siku ya ajali. Paroko akupe cheti cha ubatizo, na ofisi ya kata iandike kwamba uko hai na wanakufahamu. Toa nakala za vyote, umwachie ndugu wa kwenu unayemwamini, si nyumbani kwako. Kisha mtafute mwanasheria, madai yafunguliwe upya kwa jina lako. Usitie sahihi kwenye karatasi ambayo hujaisoma yote.

Madai ya ajali yana muda wake, na wako umekwishaliwa. Usingoje mavuno ya maharage. Nenda Jumatatu, na uende na huyo ndugu yako.