Wino Mwekundu Juu ya Vipimo vya Khamis

Queensbury, London
Mwisho wa Shaaban, 2008

Khamis, ndugu yangu,

Mwezi utaandama kesho au keshokutwa, na simu haikulia. Miaka yote uliyoishi Marekani, kwenye jimbo lenu lile la mahindi, hukukosa kunipigia siku kama hizi. "Nisamehe, mwenzangu, nililokukosea kwa kujua na kwa kutojua." Nami nilikuwa nikikujibu, "Nimekusamehe, nawe nisamehe." "Nimesamehe yote, bwana. Haya, baridi ya huko imekubakiza?" Leo nimekaa karibu na simu tangu asubuhi kama mjinga, ilhali hitma yako niliisoma mwenyewe.

Siku ile nilikaa safu ya mbele. Watu walinipa pole kama ndugu yako wa tumbo moja. Nilizipokea zote.

Sasa moyo wangu umechoka na daktari hafichi tena. Mhudumu ndiye anayenivisha soksi. Kwa hiyo nakwambia.

Unaikumbuka ripoti iliyokuharibia jina. Wewe, mwalimu wa sayansi, kila baridi ikiisha ulishuka mtoni nyuma ya shule na vichupa vyako, ukapima nitrati, ile chumvi ya mbolea inayotiririka kutoka mashambani. Nakala ulinitumia mimi, mkemia wako wa London. "Mvua zimebadilika tabia," uliniandikia. "Zinashuka kwa kishindo, zinakokota mbolea yote mpaka kwenye bomba anakonyweshwa mtoto mchanga." Ulitaka sheria iwalazimishe wakulima kupunguza. Watunga sheria wa jimbo walipokaa kuijadili, waliletewa ripoti kutoka huku: vipimo vya siku za mvua kubwa si vya kawaida, viondolewe, na aliyevikusanya hana ujuzi wa kutosha. Sheria ikawa ombi tu. Mkulima apunguze akipenda. Mjini kwenu wakaanza kukuita Bwana Vichupa.

Ripoti ile niliiandika mimi.

Kampuni yangu ilikuwa imeajiriwa na wauzaji wa mbolea, na ripoti ikatoka kwa jina lao, si langu. Ningeweza kusema namjua mtu huyu, kazi hii mpeni mwingine. Sikusema. Nilikuwa karibu kustaafu, niliogopa. Nikachukua nakala ulizonitumia kwa mkono wako, nikapitisha wino mwekundu juu ya kila kipimo cha siku ya mvua. Na nilijua, Khamis. Hesabu zako zilinionyesha mwaka baada ya mwaka kwamba mvua zile ndizo zinazokuwa kawaida.

Shaaban iliyofuata ukapiga. "Wee, nani kaiandika ile? Kemia anaijua, lakini haya hana!" Ukacheka. Nikasema sijui. Kisha tukaombana radhi kama desturi, ukasema umesamehe yote, na mimi nikajidanganya kwamba na lile limo.

Ulikuja London mara moja tu, baada ya ripoti ile. Ulikwangua chokaa ndani ya birika langu kwa kijiko, ukanitazama. "Mkemia gani wewe, unakunywa ukuta?" Tulikwenda Rayners Lane, kwenye duka karibu na stesheni, ukanunua mihogo ukaipakata kama mtoto. Ukamwambia mwenye duka kwamba mnakoishi nguruwe ni wengi kuliko watu, na ni wewe peke yako usiyewala. Siku tisa ulilala nyumbani kwangu. Siku tisa nilinyamaza.

Wiki iliyopita ameniandikia binti yako, Salma. Anaandika Kiingereza, lakini bado huanza na "Ami". Mto umepanda kuliko alivyowahi kuona, maji yameingia chumba cha chini ya nyumba, madaftari yako yote yameoza. Jimbo limeunda kamati nyingine ya maji na yeye ataitwa kusema. Anadhani ni mimi tu ninayeweza kuwa na nakala za baba yake.

Ninazo, kwenye sanduku juu ya kabati. Jana nikaanza kuzinakili kwenye karatasi safi, nimtumie vipimo bila wino wangu. Ukurasa wa kwanza nikaumaliza. Wa pili nikafika siku uliyoandika pembeni: "Mvua kubwa, nimelowa chapa, salamu kwa shemeji." Nilikuwa nimeshauruka mstari ule, kwa kuwa si kipimo. Kalamu ikanikaa mkononi. Nilikuwa nakufuta mara ya pili.

Nimezichana karatasi safi.

Nakuahidi: kesho mhudumu akija nitampa bahasha aipeleke posta. Ndani mna karatasi zako zilezile, na wino mwekundu juu yake, na maelezo yenye jina langu kamili kwamba mkono uliovikata vipimo ni wa nani na kwa nini. Salma ayasome mbele ya kamati. Akinichukia, ana haki.

Radhi sikuombi mwaka huu. Ile uliyonipa niliipata kwa hila, nairudisha. Tukikutana, uliza tena nani kaiandika, nami safari hii nitajibu.

Buriani, mwalimu. Ulipima sawasawa.

Suleiman